Ni Saa Moja Tu Hadi Mtwara

Binti yangu alilisukuma daftari lake mpaka katikati ya meza, juu ya kitambaa kilichobaki na unga wa chapati, akaweka kidole chini ya jibu lake.

"Baba, hapa kuna mtu muongo."

Yuko darasa la saba. Mwalimu wao wa hisabati alikuwa amewaambia kila mmoja atunge swali la umbali, muda na mwendokasi, tena litoke nyumbani kwao, lisitoke kitabuni. Wenzake wengi walitunga la daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo. Yeye akamchagua bibi yake. Bibi yuko Mikindani na ndege inatua Mtwara, kwa hiyo akaandika: umbali wa Dar es Salaam hadi Mtwara kwa ndege ni kilomita 400. Tiketi ya baba inasema ndege inaondoka 10:05 na kufika 11:15. Tafuta mwendokasi.

Mia nne gawa kwa dakika sabini, zidisha kwa sitini. Akapata 343.

Sasa, kwenye simu yangu alikuwa ameshasoma kwamba ile ndege ya pangaboi inayokwenda kusini, Q400, hukata karibu kilomita 660 kwa saa. Kwa mwendo huo ingefika Mtwara ndani ya dakika 36. Tiketi inasema 70. Dakika 34 zimeishia wapi?

"Ama umbali si huo, ama ndege haikimbii hivyo, ama tiketi inadanganya. Nani muongo?"

Nilimwambia ni usiku, akalale, tutaangalia Jumamosi.

Wiki sita sasa swali hilo halijaniacha. Hesabu yenyewe ina majibu, na nitayaeleza hapa. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba mbali na washukiwa wake watatu kuna mmoja alimsahau, na huyo ni mimi.

## Umbali hauna kosa

Jumamosi tukaanza na mshukiwa mwepesi. Uwanja wa Julius Nyerere, pale Kipawa, uko nyuzi 6 na dakika 53 kusini mwa ikweta. Uwanja wa Mtwara uko nyuzi 10 na dakika 20. Ukitoa, zinabaki nyuzi 3 na dakika 27, yaani dakika 207. Hizi si dakika za saa. Ni vipande vya nyuzi, kila nyuzi moja ina vipande sitini.

Hapo nikamwonyesha jambo ambalo mabaharia wanalitumia tangu zamani: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Kwa hiyo kutoka Kipawa kushuka kusini hadi usawa wa Mtwara ni maili 207. Hukuhitaji rula wala intaneti, ni kutoa tu.

Mtwara imesogea mashariki kidogo pia. Dakika 59 za longitudo, ambazo huku kwetu karibu na ikweta zinakaribia sana kuwa maili, kama 58 hivi. Una pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, unatafuta ule mrefu. Aliitafuta mwenyewe kwa kanuni ya Pythagoras, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo kama anavyofanya tangu akiwa mdogo: maili 215. Zidisha kwa 1.852.

Kilomita 398.

"Basi mia nne ni sawa," alisema, akaukata umbali kwenye orodha yake.

Marubani mpaka leo wanahesabu hivyohivyo, umbali kwa maili za baharini na mwendo kwa noti, yaani maili hizo kwa saa moja. Nililipenda jambo hilo kuliko nilivyotarajia. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi pale Mikindani, na chombo kinachopita juu ya pwani yake kwa futi elfu ishirini na kitu bado kinapimiwa safari kwa kipimo cha watu wa bahari.

Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 550, maana barabara inazunguka, inatafuta daraja, inakwepa mabwawa. Tofauti ya 400 na 550 siku ya kawaida haina uzito. Ila kuna siku ambazo si za kawaida.

## Maneno niliyokuwa nayasema

Kwa miaka kama kumi nimekuwa nikimwambia mama yangu sentensi moja kwenye simu.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Mtwara ni saa moja tu."

Nilikuwa nayasema akiumwa. Nilikuwa nayasema Idi inapopita sijaenda. Nilikuwa nayasema kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu tiketi inasema saa moja na dakika kumi na mimi niliamini umbali wangu na mama yangu ndio huo. Mtu aliye umbali wa saa moja hana haraka. Anaweza kumaliza kazi iliyoko mezani kwanza. Anaweza kungoja mwisho wa mwezi.

Nakaa Mbagala. Barabara ya Kilwa inapita hatua chache kutoka mlangoni kwangu, na mabasi ya kusini hupita hapo alfajiri, nayajua kwa honi. Ukiifuata barabara hiyo utafika Lindi, kisha Mtwara. Miaka yote hiyo nilikuwa nimelala kando ya njia ya kwetu.

## Bandeji

Mwaka 2024 mama alipangiwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga kabisa, na la kulia lilikuwa linafuata. Siku ilipangwa: Jumanne ya tarehe 7 Mei. Jumatano asubuhi wangemfungua bandeji.

Alinipigia mwenyewe, na ombi lake lilikuwa moja.

"Uje uwe hapo wakinifungua. Nataka nikuone wewe kwanza. Hawa wengine nawasikia kila siku."

Nikakata tiketi ya basi la Jumatatu. Ningeweza kwenda Ijumaa iliyotangulia. Nafasi ilikuwepo, na ruhusa kazini ningepata kama ningeiomba. Lakini kulikuwa na kazi ya Jumamosi, na kichwani nilikuwa na akiba yangu: hata basi likiharibika, ndege ni saa moja. Nakumbuka kabisa nilivyolifikiria hilo, nimesimama jikoni, kikombe mkononi. Ndilo lililonifanya nibaki.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikaipiga pwani. Mvua za masika zilikuwa zimeshaijaza ardhi, Rufiji ilikuwa imefurika tangu Aprili, na maji yaliyofuata kimbunga yakaikata barabara upande wa Somanga, wilayani Kilwa. Kati ya Dar es Salaam na Lindi njia ikawa haipo. Jumatatu alfajiri nilienda na begi langu kituoni nikakuta mabasi yamepangwa, taa zimezimwa, na watu wamekaa juu ya mizigo wakitazamana. Nauli walinirudishia bila maneno.

Kulikuwa na njia ya kuzunguka: Morogoro, Iringa, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi. Zaidi ya kilomita 1,500. Wapo walioipita, na nawaheshimu.

Mimi nikaikimbilia ile akiba yangu.

Ndege ilikuwa imejaa. Ya kesho yake imejaa. Ya Jumatano imejaa. Q400 ina siti 76, na barabara ikikatika, abiria wa mabasi yote ya kusini, walau wenye uwezo wa kulipa, wanakimbilia siti hizohizo. Wapo wagonjwa, wapo wenye misiba, wapo wafanyabiashara. Na ndege haiji kila baada ya robo saa kama daladala. Ni safari chache, na zikijaa zimejaa. Nilipata siti ya Alhamisi.

Alhamisi ndege iliruka, ikatua, na ilichukua muda uleule iliosema itachukua. Saa moja na dakika kumi, pungufu kidogo.

Nilimkuta mama barazani, amekaa mkekani. Bandeji haikuwepo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, lakini hakuacha kunitazama. Alinitazama muda mrefu, na jicho lile la kushoto lilikuwa jekundu pembeni, lina maji.

"Umezeeka, baba," alisema. "Hukuniambia."

Nikamuuliza alimwona nani kwanza walipomfungua.

"Muuguzi. Binti wa watu, mzuri, ana kidoti shavuni hapa." Akagusa shavu lake.

Hakulalamika. Mpaka leo hajawahi kulitaja tena. Ni mimi ninayelitaja.

## Kabla ya daraja

Nilipoanza kuliandika hili nilikuwa na hasira na kimbunga, na barabara, na idadi ya siti. Nikamsimulia dada yangu mkubwa kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nakumbuka safari ya mwaka 1998.

Ninaikumbuka. Nilikuwa nakuja Dar kuanza sekondari, nimefuatana na marehemu baba. Mvua za El Nino zilikuwa zimeipiga nchi, na Daraja la Mkapa halikuwepo. Rufiji tulikuwa tunavuka kwa pantoni pale Ndundu. Tulilala siku ya kwanza njiani, basi limezama kwenye tope mpaka ekseli, wanaume wanakata matawi kuyalaza chini ya matairi. Siku ya pili tulilala kwenye foleni ya pantoni. Kulikuwa na mbu wengi kiasi kwamba akina mama walikesha wakiwapepea watoto kwa kanga. Tulifika Dar siku ya tatu, jioni.

Baba hakuwahi kusema Dar iko mbali kilomita ngapi. Alikuwa anasema, "Dar ni kulala mara mbili." Masika alisema, "Dar ni kulala mara mbili, na nyingine ya Mungu."

Kwa sababu alijua ni kulala mara mbili na nyingine ya Mungu, alikuwa anaondoka siku nne kabla ya jambo lolote. Harusi, msiba, kikao, shule. Siku nne. Sikumbuki baba akichelewa jambo la mtu. Alikuwa anafika mapema, amechoka, anaomba maji ya kuoga na mkeka.

Mwaka 2003 daraja likafunguliwa, karibu kilomita nzima ya zege juu ya Rufiji. Lami ikaja kwa vipande, kile cha Ndundu hadi Somanga kikachelewa kuliko vyote, lakini kikafika. Tukaanza kwenda na kufika siku hiyohiyo. Sisi watu wa kusini tunajua maana yake, hatuhitaji kuelezwa; tulikuwa na reli ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, ikang'olewa miaka ya mwanzo ya sitini, na tangu hapo tulikuwa tunangoja.

Na mimi, mtoto wa mtu aliyekuwa anaondoka siku nne kabla, nikapata ndege ya saa moja, nikawa naondoka siku moja kabla. Au siondoki.

## Daftari linasafiri

Mwezi uliopita nikaamua kwenda, bila ugonjwa wala sherehe. Nilikata siti mapema, nikachagua dirishani upande wa kulia, maana ukienda kusini nchi iko kulia na bahari iko kushoto. Binti yangu akanipa daftari lake la hisabati na peni ya bluu.

"Uandike kila kitu. Kila dakika. Usikisie."

Sikukisia. Haya ndiyo yaliyoandikwa, kwa saa zetu.

Saa 12:30 asubuhi nilitoka mlangoni Mbagala. Kwenda Mtwara ilibidi niupe kusini mgongo na kwenda Kipawa, ambako ni kaskazini magharibi. Foleni ikatushika tulivyokaribia Tazara. Saa 1:50 nikashuka Jengo la Pili la Abiria. Saa nzima na dakika 20, na bado niko Dar es Salaam. Safari ya ndani ya jiji ilizidi ile niliyokuwa naiita saa moja tu.

Kisha mashine ya kukagulia mizigo, kaunta, mkanda kuvuliwa, mkanda kuvaliwa, na kukaa. Nilikaa zaidi ya saa mbili. Mzee mmoja pembeni yangu, wa Newala, alikuwa amepakata kasha la dawa za kupulizia mikorosho lililokataliwa kupanda. Alikuwa anapiga simu moja baada ya nyingine kutafuta mtu wa kuja kulichukua. Alimpata.

Saa 4:06 ndege ikaanza kusogea. Kumbe hapo ndipo tiketi inapoanza kuhesabu. Tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa mpaka iegeshwe tena, huo wote ndio muda wa safari kwa hesabu yao. Tulizunguka polepole hadi mwisho wa njia ya kurukia, tukasubiri ndege kubwa itue, tukaingia. Saa 4:17 magurudumu yakaacha ardhi.

Dakika 11 zimekwenda, na hatujasogea kuelekea Mtwara hata kidogo.

Nikaandika, nikapiga mstari chini yake.

Halafu tukapanda. Ndege inayopanda haikimbii kama inayosafiri. Nguvu nyingi inaitumia kujiinua. Na chini ya futi 10,000 kwa kawaida marubani hawaruhusiwi kuzidi noti 250, kama kilomita 460 kwa saa. Kulia kwangu nikaiona delta ya Rufiji, mikono yake yote ya kahawia imejitandaza kwenye mikoko, maji yake yakichora doa kubwa baharini. Mafia ilikuwa upande wa pili, abiria wa kushoto walikuwa wanaipiga picha. Saa 4:33 mlio wa injini ukabadilika, ukatulia. Tulikuwa tumefika juu.

Dakika 16 za kupanda.

Sasa ndege ikawa ile iliyosomwa kwenye simu. Mhudumu akapita na maji na korosho. Visiwa vya Songo Songo vikapita chini, vidogo, mchanga wake mweupe ukitoa mwanga. Nikafungua kipakiti. Nilikuwa sijakimaliza, niko na korosho tatu mkononi, mlio ukabadilika tena na pua ikainama.

Saa 4:45.

Niliangalia saa mara mbili. Nikamuuliza jirani yangu naye aangalie yake.

Kumbe ndivyo inavyokuwa. Kanuni ya marubani ni rahisi: kila futi elfu moja unazotaka kushuka zinahitaji maili tatu za baharini mbele yako. Ukiwa futi 24,000, kama mita 7,300, unaanza kushuka ukiwa na maili 72, zaidi ya kilomita 130. Safari yote ni maili 215. Kwa hiyo ukishatoa za kupandia na za kushukia, za kusafiri kwa mwendo wenyewe ni chache mno.

Dakika 12.

Katika safari nzima ya kwenda kwa mama yangu, ndege ilikwenda kwa mwendo wake wa sifa kwa dakika 12.

Saa 5:06 magurudumu yakagusa Mtwara. Saa 5:10 ndege ikasimama na injini zikazimwa. Kutoka 4:06 hadi 5:10 ni dakika 64. Sita zilizobaki ni za akiba, ambazo wapangaji wa ratiba huziweka kwa ajili ya upepo, foleni ya njia ya kurukia na mambo ya siku hiyo.

Hakuna muongo. Nilikaa kwenye siti watu wakiteremsha mabegi, nikayaandika maneno hayo mawili kwenye daftari la mtoto. Umbali ni 398. Ndege inafika 660. Tiketi ni 70. Kila namba ilikuwa inajibu swali lake yenyewe, na hakuna hata moja iliyowahi kuulizwa swali ninaloulizwa na mama: utafika lini?

Swali hilo nilikuwa najibu mimi. Na jibu langu, "saa moja tu," halikuwa kwenye tiketi yoyote.

## Mikindani

Nilipita sokoni kununua sukari na kanga, bajaji ikanishusha mbele ya nyumba. Mama alikuwa uani anachemsha ming'oko. Harufu yake niliipata kabla sijabisha hodi. Dada yangu alikuwa amekaanga samaki. Niliwaamkia, nikavua viatu, nikapewa maji.

Alikuwa ameshafanyiwa na jicho la kulia, mwaka uliofuata. Hilo nilikuwepo. Nilikwenda siku tano kabla, kwa basi, nikalala pale sina kazi, namsaidia kuchota maji na kusikiliza redio. Siku ya tano asubuhi nilikuwa nimesimama mbele yake muuguzi anapobandua plasta. Lakini jicho lililofunguka kwanza ni la kushoto, na kwanza haiji mara mbili.

Baada ya kula nilimwonyesha daftari. Aliingia ndani akatoka na miwani yake ya kusomea, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa. Kwa miaka mingi nilikuwa sijamwona mama akisoma kitu chochote. Alipitisha kidole kwenye mwandiko wangu, mstari kwa mstari, akisoma kwa sauti kama mtu anayesoma orodha ya majina.

"Kumi na mbili na nusu, kutoka nyumbani. Moja na hamsini, Kipawa. Nne na sita, kusogea. Nne na kumi na saba..." Akainua uso. "Hapa ndio uliruka?"

"Hapo, mama."

Akaendelea mpaka chini. Tano na kumi, kusimama. Chini ya hapo palikuwa hapana kitu. Alifunua ukurasa wa pili, akaurudisha.

"Haijaisha hii."

"Imeisha, mama. Hapo ndege imesimama."

"Wewe hukuja kwa ndege kusimama." Akanyoosha mkono. "Peni."

Nikampa. Akaegemea goti, akaandika taratibu, tarakimu kubwa, zilizolala kidogo upande wa kulia kama alivyofundishwa enzi za kisomo cha watu wazima: 6:40. Pembeni yake akaandika neno moja, *nyumbani*.

Kisha akataka apigiwe mjukuu. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Binti yangu alikuwa ametoka shule, nikamsikia akivuta kiti. Mama akaliweka daftari mbali kidogo na uso, akarudia kusoma tangu mwanzo, akitaja kila saa na kungoja.

"Polepole, bibi," binti yangu alisema. "Naandika."